Kiti cha Bwana Mkubwa

Kiti kilikuwa na joto.

Dada alikuwa akifagia sebule kabla watu hawajaamka, akibeba viti kimoja kimoja na kuvisogeza ukutani. Alipokishika kile cha mbao kisicho na mto, akaurudisha mkono haraka. Halikuwa joto la jua, maana jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Lilikuwa joto la mwili, lile analoliacha mtu aliyekaa kitako muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Akaweka kiganja tena, akatazama mlango wa korido, akatazama dirisha. Mwisho akajiambia kuwa ni uchovu, akakisogeza nacho pia, akaendelea kufagia.

Lakini kile kilikuwa kiti ambacho hakikaliwi na mtu. Katika nyumba ile kila mmoja alijua hivyo, hata paka.

Ilikuwa nyumba ya kupata nafuu, au soba, kama watu wa mtaa walivyoiita huku wakibetua midomo. Ni mahali pa kuishi mtu aliyeacha unga au pombe lakini hajaweza kusimama peke yake. Hospitali humtoa mtu sumu mwilini, ikampa mkono wa kwaheri, naye akarudi chumba kile kile, kwa marafiki wale wale, kwenye ukuta ule ule aliokuwa akiuegemea anapojidunga. Nani atapona hapo? Dada hakuwahi kuonja hata tone la pombe. Alikuwa mshonaji nguo, tena mwenye wateja wake. Aliuza cherehani zake akapanga nyumba hii kwa sababu mdogo wake wa mwisho alikuwa akifa mbele ya macho yake. Mdogo mtu huyo, ambaye wote walimwita Fundi kwa kuwa alikuwa mchomeleaji vyuma, akapona. Habari zikasambaa, na wengine wakaja kubisha hodi.

Sasa kuhusu kiti. Kila jioni baada ya chakula walikaa duara, kiti kimoja kitupu kikawekwa katikati. Dada aliyapata hayo kwenye semina. Kila mtu kwa zamu yake alikigeukia kiti kana kwamba ule uraibu wake umekaa pale, akauambia yaliyomo moyoni. Mwanzoni waliona haya. Kisha Kinyozi, ambaye alikuwa amekunywa mpaka akamkata mteja sikio, akakiita kile kiti "Bwana Mkubwa," na jina likanasa. Tangu hapo ikawa burudani.

"Bwana Mkubwa, mwizi wee, mke wangu umemla, duka langu umelila, bado unanikodolea macho?"

"Bwana Mkubwa, mbwa usiye na mwenyewe!"

Walimtukana, walimzomea, walimcheka, kisha wakaenda kulala wakiwa wepesi. Dada yeye hakuwa na la kumwambia. Kazi yake ilikuwa kufungua kikao, na alikifungua kwa adabu aliyofunzwa na mama yake: "Karibu, Bwana Mkubwa. Keti. Watu wana neno na wewe." Alisema hivyo kila jioni, kwa ulimi wake mwenyewe, na hakuna aliyeona kosa.

Siku hizo Dada alikuwa akipanua nyumba. Nyuma kulikuwa na ghala lililokuwa likiwekwa mbao, na mwenye nyumba alikubali ligeuzwe chumba cha kulala. Alikuwa na sababu. Kulikuwa na mchukuzi mmoja wa sokoni aliyekuja kuomba kitanda, akaambiwa nafasi hakuna. Akarudi, akaambiwa vile vile. Akarudi tena, na mara hiyo alikuwa ameoga na kuvaa shati la kuazima ili apendeze. Nafasi hakuna. Walimkuta ndani ya mtaro nyuma ya soko, shati lile lile mwilini. Dada aliapa kwamba maneno yale mawili hayatatoka tena kinywani mwake.

Kwa hiyo Fundi alikuwa uani tangu asubuhi, miwani nyeusi usoni, akiunga vyuma vya vitanda vya juu na chini, cheche zikimrukia miguuni. Alikuwa amenawiri. Shingo ilikuwa imeanza kujaa.

"Nipe wiki tu, Dada," alisema. "Nitakulazia watu humu mpaka jirani mwenyewe aombe kitanda."

Jirani huyo alikuwa karani mstaafu, na ukuta wake ulipakana na wa kwao. Kila aliposikia mashine ya kuchomelea alipanda juu ya ndoo, akatokeza kichwa.

"Mnaongeza vitanda? Hawa mliokuwa nao hawakutosha kutuibia? Mnafuga mateja kama kuku!"

"Shikamoo, mzee," Dada alimjibu.

"Marahaba! Na mfunge hapo!"

Alikuwa mtu mbaya, lakini ubaya wake ulikuwa wa kawaida, wa mdomoni, na mtu huweza kuuzoea. Uliokuja ndani ya nyumba haukuwa wa aina hiyo.

Jioni moja Dada alikikaribisha kiti kama kawaida, na Kinyozi akavuta pumzi tayari kuanza matusi. Hakuyaanza. Mdomo ulibaki wazi, pua zikacheza.

"Nani amekuja na bia?" akanong'ona.

"Bia gani?" akauliza Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla chupa haijamtoa darasani, na hata alipoogopa alisema kwa ufasaha. "Hiyo ni pombe kali, ndugu yangu. Naisikia kooni kabisa."

Fundi alikuwa ameinama, mikono ameibana mapajani. "Ni moshi wa unga," akasema taratibu. "Umechomwa sasa hivi."

Wote walikuwa wakitazama kiti. Dada alinusa, akanusa tena, hakupata kitu ila mbao na sabuni ya sakafu. Ndipo Kinyozi, ambaye kwa ujuba wake hakuwahi kumwamkia hata karani, akashusha macho na kusema kwa sauti ya mtoto aliyekosa:

"Shikamoo."

Hakuna aliyecheka. Na katika ukimya ule, kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikajibiwa kwa upole, kama anavyojibu mzee aliyeshiba:

"Marahaba."

Walivunja kikao bila kuagana. Koridoni ilisikika milango ikisukumiwa vitanda kwa ndani, maana nyumba ile vyumba havikuwa na funguo.

Alfajiri Mwalimu hakuwepo kitandani. Walimtafuta kila mahali, mwisho wakamkuta ghalani, amelala juu ya godoro jipya ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni yake, amelewa chakari, mate yakimtiririka na ile nailoni ikilia chini yake kila alipojigeuza. Geti lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Dada. Chupa hawakuiona, wala kifuniko, wala tone sakafuni.

"Nani amekupa?" Dada alimshika mashavu. "Mwalimu! Nani amekupa?"

"Mwenyeji," akasema Mwalimu, na machozi yakamtoka. "Amesema hii ni nyumba yake, sisi tumemfikia. Amesema mgeni akija mwenyeji hupona, na yeye sasa anajisikia mzima kabisa."

Dada alikuwa mtu wa vitendo. Alikitoa kile kiti uani, akakimwagia mafuta ya taa, akakitia kiberiti. Kikaungua kama kiti kingine chochote. Karani akapanda ndoo yake kulalamika juu ya moshi, na mara ile Dada alimtolea maneno ambayo mama yake hakumfunza.

Jioni walitandika mikeka. Hapakuwa na kiti wala karibu yoyote. Dada aliwataka tu wakae pamoja, wasitawanyike na hofu zao vyumbani. Waliketi duara. Ni Kinyozi aliyeona kwanza, akamgusa Fundi, na Fundi akamtazama dada yake. Bila mtu kumwambia mwenzake walikuwa wameacha nafasi. Kulikuwa na pengo kati ya Kinyozi na ukuta, upana wa mtu mmoja mnene, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ameliacha. Na mkeka pale kwenye pengo ulikuwa umedidimia.

"Nendeni mkalale," Dada akasema.

Walikwenda wakiwa wameshikana kama watoto. Yeye alibaki kuikunja mikeka, kwa kuwa alikuwa na hasira kuliko hofu, na hasira humfanya mtu ajione ana kazi ya kumaliza. Akaukunja wa kwanza na wa pili. Aliposhika pembe ya ule wa ukutani akavuta, haukuja, akavuta kwa mikono miwili huku akihema, na ndipo alipoelewa, polepole, kuanzia vidoleni kupanda mabegani, kwamba haujanaswa na msumari wala haujagandamana na sakafu bali umekaliwa, na kwamba aliyeukalia anamtazama akihangaika na hana haraka ya kuinuka.

"Keti, dada yetu," ikasema sauti.

Ilikuwa na kikohozi cha Kinyozi ndani yake, na ule ufasaha wa Mwalimu, na kucheka kidogo kwa Fundi mwishoni mwa neno. Ilikuwa sauti ya nyumba nzima iliyopikwa chungu kimoja.

"Mliniita mbwa," ikasema. "Mliniita mwizi na mla watu. Sikukasirika. Lakini niambie, ni nani aliyewahi kuitwa jioni kwa jioni kwa jina lake, akawekewa kiti, akaambiwa karibu na mwenye nyumba, akaacha kuja?"

"Sikukuita wewe." Dada bado alikuwa ameshika pembe ya mkeka. "Lilikuwa zoezi tu."

"Zoezi." Ikalirudia neno kama inalionja. "Nimelipenda."

"Unataka nini kwetu?"

"Hawa wa humu ndani sina njaa nao. Walio nje ndio wangu, wa mitaroni, wa vichochoroni, wanaolala migongo wazi nyuma ya masoko. Hao wewe unataka kuninyang'anya. Funga ghala. Usiongeze hata kitanda kimoja. Nami watu wako sitawagusa tena. Mdogo wako atanenepa, ataoa, atazeeka. Yeye ndiye atakuzika wewe, si wewe kumzika yeye. Hilo ndilo unalolililia usiku, au nimekosea?"

Hakuwa amekosea.

"Na nikikataa?"

Kutoka mwisho wa korido, kutoka chumba ambacho Dada alikuwa amekipaka rangi mwenyewe siku mdogo wake aliporudi akiwa mifupa mitupu, ikaanza sauti ya Fundi akiongea usingizini, kwanza maneno ya hovyo, kisha kwa ile sauti nyembamba ya kusihi aliyoisikia miaka yote ya unga, ile aliyokuwa akiitumia mlangoni kwa mama yao mpaka mama akafa akiwa ameziba masikio, ikisema kidogo tu, kidogo tu, nakuomba, kidogo tu, Bwana Mkubwa.

"Basi!" Dada akapiga kelele. "Nimekubali. Mwache!"

Pale pale Fundi alinyamaza, na mkeka ukaja mkononi mwa Dada, mwepesi kama wa kununuliwa leo.

Asubuhi alitia kufuli kwenye mlango wa ghala. Aliwaambia watu kwamba paa linavuja.

Ikafuata amani ambayo nyumba ile haikuwahi kuwa nayo. Mwalimu alisimama, akaoga, akaanza kuwafundisha watoto wa jirani wa pili. Kinyozi alikuwa akiimba anaponoa wembe. Hakuna aliyeamka na arosto, ile homa ya kukosa inayovunja mifupa. Watu walikula wakaongeza. Hata karani siku moja alitokeza kichwa ukutani bila kupiga kelele, akatabasamu kwa meno yake yote, akasema, "Habari za asubuhi, jirani? Mtaa umetulia, eeh? Umetulia vizuri sana." Dada alitamani amtukane.

Maana getini watu hawakuacha kuja. Na kila mmoja alipobisha, Dada alikwenda na nia ya kusema subiri, au jaribu kesho, au kitu chochote chenye utu, na kinywa chake kikafunguka chenyewe kikatoa sauti laini, tamu, iliyoshiba:

"Nafasi hakuna."

Siku moja alikuja mama wa makamo akimburuta kijana wake, fupa lililovikwa shati. Mama mwenyewe alikuwa amevua viatu akamvisha mwanawe.

"Mwanangu, sina pa kwenda tena," yule mama alimwambia Dada. "Ameacha. Ameacha kweli, ona anavyotetemeka. Nikirudi naye kule wanamngoja mlangoni. Mlaze hata jikoni. Mlaze chini."

"Nafasi hakuna," kikasema kinywa.

Mama yule alivuka barabara, akakaa kwenye baraza la duka lililofungwa, akamlaza mwanawe mapajani. Hakuondoka. Siku hiyo akalala pale, na iliyofuata pia, na kutoka dirisha la jikoni Dada aliwaona kila alipoinua macho kutoka kwenye sufuria. Kwa hiyo akaacha kuinua macho.

Fundi yeye aliinua yake. Ndiye aliyemleta mganga, bila kuomba ruhusa, mchana mmoja wa jua kali. Alikuwa bibi mnene mwenye mkoba wa plastiki, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa lawama.

"Nyumba gani hii haina viti? Mnadhani magoti yangu nimeyanunua jana?"

Viti vyote Dada alikuwa amevitoa tangu siku ile ya moto. Walimtafutia ndoo, wakaigeuza. Bibi akakaa, akafumba macho. Wanaume walisimama koridoni, na Dada akajiegemeza mlango wa jikoni, amekunja mikono.

"Sihitaji uganga, bibi," akasema. "Humu kila mtu ni mzima."

"Naona. Wazima kuliko kawaida." Bibi alifumbua jicho moja. "Aliitwa na nani?"

Kinyozi akaeleza habari ya kiti, akijikwaa kwa aibu, na bibi akasikiliza mpaka mwisho kisha akapiga paja.

"Miaka yote hii nafukuza majini yaliyotumwa, yaliyorithiwa, yaliyokanyagwa njiani. Nyinyi mmekwenda kulikaribisha na kiti! Hata mkwe hakaribishwi hivyo." Hakucheka lakini. "Mwiba hutokea ulikoingilia. Nikifukiza hapa nitawaachia kikohozi tu. Huyu aliingia kwa kuitwa, na kwa kuitwa atatoka. Mtu mmoja amwambie simama twende, kisha atoke naye kwa miguu yake mwenyewe. Atamfuata."

"Nitatoka mimi," Dada alisema upesi.

"Wewe umewahi kumtaka? Ulevi, unga, chochote?"

"Sijawahi."

"Basi huna kamba ya kumvutia. Humfuata aliyewahi kumtaka."

Wanaume wale walitazama miguu yao. Fundi ndiye aliyeuliza. "Na huyo atakayetoka naye, bibi, atarudi?"

Bibi alinyoosha mkono asaidiwe kuinuka. Alipokuwa amesimama sawasawa akajibu, "Mwanangu, mimi natibu nyumba." Akaomba maji, akanywa yote, akaenda zake.

Dada alikuwa amekwisha kuamua. "Basi abaki," akasema. "Hana madhara kwetu. Anakaa kwake, tunakaa kwetu."

Wengine walitawanyika, lakini Fundi alimfuata jikoni.

"Paa la ghala halivuji, Dada."

"Linavuja."

"Nimepanda juu yake. Umepatana naye, sivyo? Na bei ni mimi."

"Nyamaza!" Dada aliligeukia lile neno la bei kama amechomwa. "Nilikuokota jalalani, unasikia? Nilikuogesha kama mtoto mchanga. Matapishi yako nimeyafua kwa mikono hii hii. Mama amekufa kwa ajili yako, cherehani zangu zimekwenda kwa ajili yako, na sasa umenenepa, unacheka, unalala usiku mzima, halafu unataka nikutoe kafara kwa watu nisiowajua? Wafe! Na wao wana ndugu zao!"

"Yule pale ana mama tu."

"Wafe, nimesema!"

Alisema kwa sauti yake mwenyewe. Hapakuwa na jini katika maneno yale, na Fundi alilijua hilo, na Dada naye alilijua. Mdogo mtu akatoka.

Mvua ilianza muda si mrefu, mvua nzito ya kupiga mabati. Dada alisikia kelele ya msumeno wa chuma uani, akajua ni nini, akakimbia. Kufuli la ghala lilikuwa chini, limekatwa vipande viwili. Mlango ulikuwa wazi, na vitanda vilikuwa ndani kama vilivyoachwa, vimepangwa, magodoro yakiwa na nailoni zake. Fundi hakuwemo. Alimkuta sebuleni, amesimama mbele ya ukuta, mbele ya lile pengo ambalo hata sasa, wakipita na sahani zao, watu walilizunguka bila kufikiri.

"Usiseme," Dada alimwambia. "Mdogo wangu, nakuomba. Usiseme."

Uso wa Fundi ulikuwa umelowa jasho, na pua zake zilikuwa zikicheza. "Ananukia vizuri, Dada," akasema. "Hujui anavyonukia. Ningekaa humu maisha yangu yote nikinusa, nikikuambia sijambo." Kisha akainua kidevu. "Bwana Mkubwa. Simama, twende."

Kitu kiliinuka. Wote waliokuwa koridoni walisikia pumzi ya mtu mzito anayejinyanyua kutoka chini. Mbao za sakafu zikalia, mara moja chini ya mguu wa Fundi, mara moja kando yake, mpaka mlangoni. Dada alimrukia mdogo wake akamshika shati na mikono yote miwili, akajitupa chini ili amzuie kwa uzito wake, na Fundi akambeba hivyo hivyo mpaka getini, kisha akamfungua vidole kimoja baada ya kingine, bila kumuumiza, kama Dada alivyokuwa akimfungua yeye vidole zamani, siku za unga.

"Nisikilize," akasema sikioni mwake. "Nikirudi usinifungulie upesi. Niulize niko na nani. Nikijibu niko peke yangu, sikiliza vizuri kabla hujagusa komeo."

Alivuka barabara. Alipofika barazani aliinama akamwambia yule mama neno, akamwonyesha geti lililo wazi, kisha akashika njia ya kwenda sokoni. Mvua ilimpiga kichwani na mabegani mpaka shati likamganda mgongoni. Na ubavuni mwake, karibu kabisa, mahali ambapo mtu hutembea na rafiki, kulikuwa na nafasi ya urefu wa mtu ambayo mvua haikuwa ikiiangukia.

Dada aliketi kwenye tope. Yule mama akampita akimburuta mwanawe, wote wawili wakitiririka maji, na hakuuliza kitu. Kinyozi na Mwalimu walimpokea kijana, wakachana nailoni ya godoro la kwanza.

Leo ghala limejaa. Jirani karani amerudi juu ya ndoo yake na matusi yake yote, na Dada humwamkia kwa moyo mweupe, maana ni matusi ya mtu. Arosto nayo imerudi; watu hulia usiku, hutapika, hukesha wakishikwa mikono, na kijana wa yule mama alilia kuliko wote kisha akapona. Jioni wanakaa duara na kuzungumza wao kwa wao tu. Anayekuja getini hapokelewi tena na maneno yale mawili. Vitanda vikijaa hutandikwa mikeka, na mikeka ikijaa, hulala jikoni.

Lakini iko siku Dada alikuwa akianika mashuka mchana kweupe, watoto wa mtaa wakicheza barabarani, geti likagongwa.

"Hodi. Dada, ni mimi."

Shuka lilimdondoka. Alikimbia mpaka getini, akashika komeo, na mkono ulikuwa umekwisha kulisukuma nusu aliposimama.

"Uko na nani?" akauliza.

"Niko peke yangu."

Akasikiliza vizuri, kama alivyoambiwa. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, imekonda, ina homa. Na nyuma yake kidogo tu, kama mtu anayefuatisha sala asiyoijua vema, kulikuwa na sauti ya pili iliyosema maneno yale yale, kwa upole, kwa adabu, kama anavyosema mzee aliyeshiba.

"Dada, nina baridi. Nifungulie."

Alilirudisha komeo. Akakaa chini, mgongo kwenye bati la geti, na upande wa pili akahisi mgongo mwingine ukikaa, na joto lake likipita. Walikaa hivyo mpaka jua likageuka. Tangu hapo huja mara kwa mara, hubisha, huulizwa, hujibu. Nyumba ile haijamfukuza mtu tangu siku ya mvua, ila huyo mmoja.